Mwalimu wa Aaliya

Wiki ya kufungua skuli, soko la Lamu lilifurika watu hata punda wakakosa ndia. Ruwaida, fundi wa nguo aliyeachwa na mumewe, alikuwa akimkaripia binti yake wa miaka saba.

"Aaliya! Nakwita mara tatu, hunisikii?"

"Samahani, Bi. Mwite upande wa kulia. Sikio la kushoto halisikii; nimemwona hageuki akiitwa upande huo." Alikuwa kijana wa kikoi cha buluu na shati jeupe lililonyooka kwa pasi.

"Mwanangu si kiziwi! Kwani wewe nani?"

"Dawud. Nasomesha skuli ya serikali."

Ruwaida akamvuta mwanawe akenda zake, kifua kikimpanda. Aaliya alikuwa skuli ya kibinafsi, darasa la watoto kumi na wanane, na mwaka mzima mwalimu wake alimwandikia neno moja tu: mvivu. Muhula ule skuli ikamwambia Ruwaida amwondoe. Ruwaida akampeleka hospitali, wakampima: sikio la kushoto halikuwa likisikia kitu.

Akenda kwa Dawud uso chini. Darasa lilikuwa na watoto sitini na wawili. Dawud akamkalisha Aaliya mbele, sikio zima likimwelekea yeye. Kabla ya Ramadhani mtoto alikuwa akisoma.

Simu za Dawud za alasiri, Aaliya akiwa chuoni akisoma Kurani, zilianza kwa habari za hesabu.

"Na mamake ana kazi ya ziada?" Ruwaida alitania.

"Anayo. Acheke mara mbili kwa siku, kipenzi changu. Nitasahihisha."

Kisha ikaja barua: Dawud ahamishiwe kisiwa cha Ndau.

"Usende!" Ruwaida alilia simuni. "Wataanza tena kumwita mvivu! Nioe, Dawud, nitakwenda kokote, mradi umsomeshe!"

"Wewe wamtaka mwalimu, Ruwaida. Mimi hujanitaka." Akakata.

Siku nane Dawud hakupokea simu. Ruwaida hakula, na kanzu ya harusi ya watu akaishona mkono nje ndani.

Siku ya tisa, asubuhi, Bi Umulkheir, mwalimu wa darasa la pili skuli ya Dawud, alibisha hodi. "Dawud ameniachia darasa lake, na kurasa kumi na moja juu ya mwanao. Nimezisoma zote. Kiti chake ni kile kile, mbele. Usihofu. Yeye anaondoka na boti ya asubuhi hii."

Hofu ikamtoka Ruwaida pale pale. Uchungu haukutoka. Akalivaa buibui, akakimbia hadi gatini. Dawud alikuwa na begi mkononi, ndevu hazijanyolewa, boti ya Ndau ikiunguruma.

"Mwalimu umeshampata," alisema bila kumtazama.

"Nimempata. Asubuhi hii ya yeo sina hofu ya Aaliya hata chembe. Na bado siwezi kupumua, Dawud. Niambie hii ni ya nini."

Nahodha aliita mara mbili. Dawud alimtazama Ruwaida, macho yamemlowa.

"Kaka yako Jeilani, mwenye kukuoza, yuko dukani saa hizi?"

"Yuko."

"Boti ya Ndau hata kesho iko," alisema, akalitupa begi begani, akashika ndia ya kurudi mjini.