Mpishi wa Mama Agneta

Dalmas alikamata ngege mnene katikati ya soko la Jubilee. Papo hapo mkono mwingine, wenye bangili nyekundu, ukamshika samaki huyo mkiani.

"Achilia, dada. Huyu ni wangu."

"Amekuambia?"

"Mimi ni mpishi. Najua nitamfanya nini."

"Mwanaume mpishi!" Msichana alicheka mpaka muuza samaki naye akacheka. Alivaa gauni la maua ya manjano na viatu virefu, kwenye matope ya soko. "Haya, mchukue. Lakini nitakuja kuonja."

Mchana huo Dalmas aliinua uso kutoka kwenye sufuria, akamwona msichana yule mlangoni na mkoba. Kumbe ni Lornah, binti wa Mama Agneta mwenye hoteli, ametoka kwa shangazi yake Nakuru alikolelewa tangu utotoni.

Mama Agneta alimchukua Dalmas kutoka Pap Onditi akiwa yatima, akamfundisha kukaanga, kuchemsha na kuonja. Sasa ugonjwa wa sukari ulikuwa umemharibia macho. Dalmas ndiye aliyewasha moto, na wateja waliufuata mkono wake.

Mwaka mzima vijana hao walipendana wakimenya vitunguu.

"Mbona unalia, mpenzi?"

"Ni kitunguu."

"Mwongo. Ni mimi nimechelewa kuja."

Mwishowe Dalmas alijikaza. "Mama, nataka kumuoa Lornah."

Mama Agneta alipapasa meza kabla ya kujibu. "Ukimuoa, mimi ni mama mkwe wako. Umeona wapi mkwe akisimama jikoni kwa mama mkwe wake? Nitakulaje chakula cha mkono wako? Tutakuwa tunakimbiana kwa heshima, Dalmas. Na hii hoteli?"

"Tafuta mpishi, Mama. Nami nitatafuta kazi."

"Tafuta. Sikufungi."

Dalmas alizunguka hoteli kubwa za mjini. Kila mahali walimdai cheti, naye hakuwa nacho. Huku nyuma wapishi wawili walijaribiwa, lakini wateja wakahama. Mama Agneta akashika karai mwenyewe, mafuta ya moto yakammwagikia mkononi. Wadogo wa Lornah wakafukuzwa shule kwa kukosa karo. Asubuhi moja Dalmas alirudi akawasha jiko bila kuambiwa.

Lornah alipouona moshi, alielewa. Akarudi Nakuru.

Baadaye simu ilikuja dukani kwa Ndegwa, jirani yao.

"Dalmas, njoo huku. Tukae tu sisi wawili."

"Na Mama?"

"Kila siku Mama! Unanipenda mimi ama jiko?"

"Nakupenda wewe. Lakini Mama akilala njaa, chakula changu kitakushuka kooni?"

"Basi mpikie," Lornah akasema, akakata simu.

Mwaka wa 1989 watu wa mwalimu Joram, mchumba mpya wa Lornah, walileta ng'ombe wa mahari nyumbani kwa Mama Agneta. Dalmas alipika kuku tangu alfajiri. Baba mdogo wa Joram alilamba vidole, akaita kwa sauti, "Mama, ni nani amepika hivi?"

"Mwanangu," Mama Agneta akajibu kutoka chumba cha ndani.

Wageni wakafurahi. "Kumbe ni shemeji yetu! Lornah, mshukuru basi!"

Dalmas alikuwa amefika mbele yake na jagi na beseni la kunawia. Lornah, katika gauni la kijani na kitambaa cheupe kichwani, alinyoosha mikono bila kumtazama.

"Ahsante, ndugu yangu."

Dalmas alimmiminia maji polepole, mpaka jagi likaisha.