Ndevu za Muzee Kalenga

Kitambaa cha meza cha Germaine kiliota ndevu siku moja kabla ya bazungu kuja. Ndevu nyeupe, laini, zenye harufu ya kaburi lililonyeshewa mvua. Akakifua, akakianika, akakipiga pasi ya makaa. Alipokitandika, zikachipuka tena palepale, karibu na sahani ya kioo ya bwana yake.

Sahani ile ndiyo ilikuwa kiburi cha Alphonse. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa katika labo, maabara ya muzungu mumoja aliyetafuta dawa ndani ya majani. Si jani lenyewe, bali ukungu unaoishi ndani yake, jani likiwa bichi na zima, usijue lina mupangaji. Muzungu aliosha jani kwa alkoholi ili kila kitu cha nje kife, akalikata, akalilaza katika sahani, akangoja cha ndani kitoke. Kisha akajaribu kama maji ya ukungu ule yanaua ugonjwa. Alphonse kuosha chupa alikuita recherche, utafiti, na mutaa muzima wa Kamalondo ulikuwa umechoka kumusikia.

Sasa alitaka karti ya évolué, kadi ya mweusi aliyehesabiwa mustaarabu, ile ya kumupitisha mulango wa mbele. Kwanza bazungu wa tume banakuja nyumbani kunusa choo na kukagua uma na visu. Basi akaiiba sahani labo na kuiweka katikati ya meza, bamuone muntu wa sayansi.

Na jani la kulaza ndani yake alilichuma wapi? Kwenye muti wa mizimu, kule kaskazini, juu ya kaburi la muzee Kalenga, babu ya Germaine. Muti ule huvunji kijiti bila kumuita mwenye kaburi kwa jina na kujipaka pemba, udongo mweupe. Alphonse alivunja tawi akipiga muluzi, kama anavunja muwa.

Jumapili, siku ya tume kuja, baada ya misa, kabati likakohoa. Germaine alikitambua kikohozi kile, cha tumbaku, kirefu. Akakimbia kumuita shangazi yake Kalaba, muganga, na Kalaba akaja na pemba katika kitambaa.

“Mukwe,” akasema polepole, “babu haiko na kasirani mingi. Ulimutosha inje ya nyumba yake, mu ule muti, anatafuta ingine. Pakaa pemba ku paji, mwite jina, omba ruhusa. Njo vile tu.”

“Bazungu bako ku kona. Banikute na pemba ku uso, sawa mushenzi? Pita nyuma, mama.”

Kalaba akafunga kitambaa chake. “Bon. Ataingia kwenye kuko wazi. Na kinywa chako hakiyafungwa tangu tukuoze.”

Akatoka. Ndevu zikashuka miguu ya meza, zikapanda viti, zikavisha uma na visu manyoya, zikatambaa ukutani hadi kwenye picha ya mufalme na kumufunika uso, na kabati likikohoa karibu zaidi, na harufu ya udongo ikijaa hadi Germaine akashindwa kupumua, na Alphonse akafungua kinywa kumufokea alete kitambaa cha kupangusia, na weupe wote ule ukanyanyuka kwa pamoja ukaingia humo, kama moshi unaopata dirisha.

Mulango ukabishwa.

Bazungu bakafunua kitambaa cha meza, bakatazama kucha za Alphonse, bakamuuliza kisu cha samaki ni kipi. Nje yote ilikuwa safi. Propre, bakasema, bakaondoka bameridhika. Karti ikaja, akaitundika kando ya kioo.

Asubuhi iliyofuata, alipokuwa akijinyoa chini ya karti yake, wembe ukamukata shavu. Germaine akangoja damu. Kukatoka uzi mweupe, laini, ukapapasa hewa, ukarudi ndani. Kisha nyuma ya meno ya Alphonse muzee akakohoa, akamuomba mujukuu wake tumbaku.

Germaine akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima, akamupa. Heshima ile bwana yake hakuipata hata siku moja.