Pua ya Costancia na Sahihi ya Mama

Kila asubuhi kabla ya shule, Costancia na rafiki yake Magreti walitwanga mahindi kwenye kinu kimoja, kila mtu na mchi wake. Huyu akishusha, yule anapandisha. Kule Kidete wasichana wote walitwanga hivyo, na wakishakolea kuimba, hata treni ikipita hawaisikii. Mwaka wenyewe ni ule watu wamehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama matuta ya viazi, na vinu vyote vinalia pamoja. Basi ilikuwa kama ngoma.

Sasa siku hiyo Costancia aliinama ghafla kuokota mahindi yaliyomwagika. Hakumwambia mwenzake. Mchi wa Magreti ukamkuta puani, puu! Damu ikamwagika hadi kwenye ungo, Magreti akalia kuliko yule aliyeumia.

Uvimbe ulipungua, lakini pua ilibaki imepinda, na tundu la kushoto likaziba kabisa. Costancia akawa analala mdomo wazi. Shuleni akikimbia kidogo tu, anahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia kichwani. Mganga wa zahanati akasema apelekwe hospitali ya misheni, upande wa Kilosa, kwa Daktari Theodory, yule anayeshona watoto wenye mdomo sungura.

Mama yake, Letisia, alitangulia peke yake kumwandikisha. Aliporudi akasema, "Daktari atanyoosha mfupa tu, mwanangu. Basi."

Siku ya kulazwa walikwenda watatu. Mjomba Mathias, kaka yake mama, naye alikuwepo, maana kwao mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Nesi akaweka karatasi kitandani, akatoka kwenda kuleta kipimajoto. Costancia, mtoto wa darasa la tano, akiona maandishi lazima asome. Akasoma: Kunyoosha mfupa wa pua. Kupunguza matundu ya pua.

Chini kulikuwa na sahihi. LETISIA, na ile S imegeuka nyuma. Herufi hizo Costancia alizijua vizuri. Yeye ndiye aliyemshika mama mkono kumfundisha, mchana baada ya shule, mama alipojiunga na kisomo cha watu wazima.

"Mama, matundu yangu yana nini?"

Mama akatazama sakafu.

"Uliniambia mfupa tu."

"Nilitaka yafanyike mara moja, ukiwa umelala. Ungeamka mzuri."

"Kwa hiyo sasa hivi mimi ni mbaya?"

Mama akainama kunyoosha shuka la kitanda. Jamani, iliuma! Mchi wa Magreti haukuuma hivyo, kwa sababu Magreti hakukusudia.

Mjomba Mathias akauliza kulikoni. Ndipo mama akaeleza. Kwenye msiba wa bibi, mzee Kondo, mtani wa ukoo wao, alimwona Costancia akipita kule mbali, akapiga kelele mbele ya watu: "Mwenye mtoto huyu asihangaike kutafuta tanuru! Tundu moja achome mkaa, la pili achome matofali!" Watu wakaangua kicheko.

"Na mimi nikacheka," mama akasema. "Mtani hanuniwi. Lakini nilirudi na lile neno nyumbani, kaka. Limenikaa hapa."

"Kondo?" Mjomba akashangaa. "Si ndiye aliyesema masikio yangu ni nyungo za kupepetea mpunga? Ulicheka mpaka ukakaa chini! Mbona mimi hukunileta nikatwe masikio?"

Costancia nusura acheke, akajizuia. Hakutaka mama aone amecheka.

Daktari Theodory akaingia.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Haya, ndiye binti aliyeomba apunguziwe matundu?"

"Mimi?" Costancia akamgeukia mama. "Ulisema nimeomba mimi?"

Machozi yakamtoka. Akaenda dirishani, akajishika pua. Alikuwa nayo miaka kumi na miwili bila kuifikiria. Leo ndiyo mara ya kwanza anajiuliza kama inachekesha, na aliyemtia wasiwasi huo si Kondo, ni mama yake mzazi. Akawaza, labda ni kweli wakate tu, yaishe. Kisha akajifuta uso akarudi.

"Daktari, matundu yakipunguzwa nitapumua vizuri zaidi?"

"Hapana. Kinachokuzuia ni mfupa. Matundu yako hayaumwi, hiyo ni sura tu. Nikiyapunguza, yatabaki makovu madogo, na kuyarudisha kama yalivyokuwa ni vigumu."

"Basi ninyooshee mfupa. Matundu niachie. Nikiwa mkubwa nikataka, nitakuja nikuambie kwa mdomo wangu mwenyewe."

Daktari akamtazama Mjomba, Mjomba akamtazama mama. Mama akatikisa kichwa kukubali. Daktari akaufuta ule mstari wa pili kwa kalamu, akaukoleza wino mpaka maneno hayasomeki.

Siku ya sita baada ya upasuaji walimtoa bandeji. Costancia akafumba mdomo, akavuta pumzi. Tundu la kushoto likapitisha hewa! Alisikia harufu ya dawa na ya uji ulioungua jikoni. Akafurahi, lakini mama alipoingia, alimwamkia tu akageukia ukutani.

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimekukosea mara mbili, Costancia. Nilikuficha jambo la mwili wako, halafu nikamwambia daktari maneno ambayo hukuyasema. Neno la Kondo liliniuma mimi, ningelisema nyumbani lingeisha. Nikalificha, nusura likufikishe wewe kwenye kisu. Mwili una mwenyewe, hata akiwa mtoto, na mwenyewe lazima aambiwe ukweli na kuulizwa. Nawe ukikua, usimdanganye mtu kwa kisingizio cha kumpenda."

Costancia akachorachora ukutani kwa kidole.

"Bado nimekasirika, mama."

"Kasirika, mwanangu. Mimi siondoki."

Costancia akajisogeza kidogo kuelekea ukutani, mama apate nafasi ya kukaa vizuri.