Mwanamke wa Ng'ambo ya Bwawa

Korongo alikuwa ametulia juu ya kisiki, shingo kaikunja, jicho la manjano linawaka. Picha safi kabisa, ya kuuzika. Tatizo lilikuwa nyuma yake. Ng'ambo ya bwawa, mbali sana, palikuwa na mwanamke amesimama.

Bi Rangi aliivuta picha kwenye kompyuta akaona kidoa cha nguo ya bluu na kichwa juu yake. Akachukua brashi ya kufutia, akamfuta, kama anavyofuta kila siku mifuko ya plastiki na waya za umeme. Ndiyo kazi yake hiyo. Mumewe anapiga picha, yeye anazisafisha na kuzitia rangi, na mtaa ukampa jina kwa hilo. Mumewe naye, mtaa ulimwita Lenzi. Wakati huo alikuwa jikoni anapuliza chai, matope ya bwawani yamemkaukia kwenye suruali.

Mwaka ule walikuwa wamepata kazi ya kalenda ya ndege. Bwawa lilikuwa pana na ndege wake waoga, lenzi ndefu ya Lenzi haikuwafikia, basi akanunua konveta. Ni kipande kifupi cha chuma chenye vioo, ambacho hukaa katikati ya kamera na lenzi, na lenzi inaona mbali mara mbili. Lakini hakuna cha bure. Konveta hula mwanga, picha zinatoka zimefifia, na lenzi inahangaika kushika fokasi, yaani kukifanya kitu kionekane wazi, kama mzee anayetafuta miwani aliyoivaa. Bi Rangi hakukipenda kile kidude tangu siku ya kwanza. Aliona wivu, jamani, tuseme ukweli. Mumewe alikifuta kwa kitambaa laini kila jioni, na hakuna mtu aliyekuwa akimfuta Bi Rangi kwa kitambaa laini.

Wivu wake, hata hivyo, haukuanza na konveta. Lenzi alikuwa na kitambi na masikio ya kupokea upepo, mwanamume ambaye hakuna wawili wangempigania, lakini akipenda, chongo huita kengeza. Bi Rangi aliamini dunia nzima inamnyemelea. Enzi za kupiga picha za harusi, kila bibi harusi aliyecheka mbele ya kamera alimkosesha usingizi. Mwishowe alimwachisha harusi kabisa. Wazo la ndege lilikuwa lake yeye. Ndege hawana namba za simu, alisema.

Kesho yake mwanamke alikuwemo tena pichani, nyuma ya yangeyange wawili. Nguo ileile ya bluu. Safari hii alikuwa amesimama ukingoni, miguu karibu na maji.

"Hivi kule bwawani huwa uko peke yako?" Bi Rangi aliuliza, sauti kaishusha kama anayeulizia chumvi.

"Na mbu."

"Sitanii."

"Wala mimi sitanii. Njoo uone mgongo wangu."

"Huyu ni nani?"

Lenzi aliinama, akaegemeza kiganja mezani, akakodoa. "Wapi?"

"Hapa, kidole changu kilipo."

"Si majani hayo?"

"Majani yanavaa nguo ya bluu?"

"Mke wangu," Lenzi alisema taratibu, kwa ile sauti ya mtu aliyewahi kupita njia hiyo, "ng'ambo kule ni tope tupu. Hata ng'ombe hasimami, anazama mpaka shingoni. Mimi naangalia ndege. Sina jicho la tatu."

Akarudi kwenye chai yake. Bi Rangi akabaki na yake moyoni, ikimchemka.

Alirudia picha zote. Zilizopigwa kwa lenzi tupu, bila konveta, hazikuwa na mtu. Zilizopigwa kwa konveta zote zilikuwa naye. Mtu mwingine angeshtuka hapo, angefunga kompyuta akatafute dua. Bi Rangi alipata jibu lake haraka, na jibu la mwenye wivu halikosi kufanana na swali. Kumbe ndiyo maana alikinunua. Konveta si ya ndege, ni ya kumvutia huyo mwanamke karibu bila kulowa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Tangu siku hiyo hakumfuta tena. Alisubiri Lenzi alale mchana, akafungua picha mpya, akazivuta, akazivuta tena, akitafuta sura. Alitaka kujua pua yake, midomo yake, umri wake. Kila picha mpya mwanamke alikuwa amesogea. Maji yalimfika magotini, kisha kiunoni, kisha akawa amevuka katikati ya bwawa, na ndege wote kwenye picha, bila kukosa hata mmoja, walikuwa wamempa mgongo. Kichwa chake kilielekea kwenye kamera moja kwa moja. Sura tu ndiyo haikushika, ilibaki kama kitu kilichopakwa kwa kidole kabla rangi haijakauka. Hilo lilimuuma Bi Rangi kuliko yote. Kuibiwa mume ni jambo moja, kuibiwa na mtu usiyemjua sura ni dharau.

Studio yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, dirisha kubwa, jua linaingia mpaka sakafuni. Hapo ndipo harufu ilipoanza. Harufu ya tope bichi, tope la chini ambalo halijawahi kuona jua. Alipiga deki, akatoa viatu vya mumewe nje, akapiga deki tena. Harufu ilirudi kila alipoivuta picha. Halafu mwanga. Alikuwa ameinamia kompyuta saa saba mchana, jua linachoma vigae mtaani, na chumba kikafifia taratibu. Aliangalia taa, inawaka. Aliangalia dirisha, pazia liko wazi. Mwanga ulikuwepo ila ulikuwa unaliwa, na katika utusitusi ule akasikia nyuma ya kiti chake, kwa chini, zzt, zzt, mlio wa lenzi inayokwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta fokasi, na alipogeuka aliona kamera imo kwenye begi lake, begi limefungwa zipu, betri ziko ukutani zinachajiwa.

Alimwambia shangazi wa mumewe, mwanamke mwenye ulimi mkali aliyeishi nyumba ya pili. Shangazi alimsikiliza huku anakunja nguo.

"Mwanangu, nyumba ina jini hiyo," alisema kwa sauti ya chini.

"Ina malaya, shangazi. Jini havai bluu."

"Umemuuliza anavaa nini?"

Bi Rangi alicheka kwa hasira, akaondoka. Aliogopa, ndiyo, lakini wivu ulikuwa umeikalia hofu kichwani.

Siku Lenzi alipokwenda kwa watu wa kalenda, Bi Rangi alichukua begi la kamera na ile stendi ya miguu mitatu, akaenda bwawani mwenyewe. Jua la alasiri lilikuwa upande wa mgongo wake. Aliitandaza stendi pale palipokuwa na alama za mumewe kwenye nyasi, akafunga konveta kwenye kamera, akafunga lenzi kwenye konveta. Mikono ilijua kazi. Bwawa lilikuwa kimya, maji bapa, ng'ambo matete na tope. Hakukuwa na ndege hata mmoja.

Wapiga picha wa ndege wana desturi moja, na Bi Rangi aliijua. Lenzi ndefu inaona kipande kidogo tu cha dunia, ni rahisi kumpoteza unayemtafuta. Basi jicho moja unaliweka kwenye kamera na la pili unaliacha wazi, la pili linakuonyesha alipo, la kwanza linamfuata. Alifanya hivyo. Jicho la kushoto likaona bwawa tupu. Jicho la kulia likaona nguo ya bluu.

Alikuwa pale, kifua na mabega, maji yanamchuruzika, anajaza kioo chote.

"Leo nitakuona," Bi Rangi alinong'ona.

Akabonyeza ili fokasi ishike. Zzt. Lenzi ikaenda mbali, ikarudi, ikaenda tena, na kioo kilianza kufifia, na alijiambia ni konveta inakula mwanga, lazima ni konveta, akabonyeza tena na lenzi ikahangaika tena, huku jicho la kushoto likimwapia kwamba bwawa ni tupu, maji hayana hata kiwimbi, na la kulia likiona ile bluu ikishuka na shingo ikishuka na paji lisilo na umbo likijaa kioo mpaka kingo zote, na ndipo mke wa mpiga picha, aliyekaa na lenzi ile nyumba moja miaka yote, alipokumbuka kwamba lenzi ndefu hushindwa kushika fokasi kwa sababu mbili tu: ama mwanga hautoshi, ama unachokitazama kiko karibu mno, karibu kuliko lenzi inavyoweza kuona, na mwanga ulikuwa umejaa tele mgongoni mwake, jua lilikuwa linamchoma shingo, na kwenye shavu lake la kulia, upande ule wa jicho lililofunikwa na kamera, ilimgusa pumzi baridi yenye harufu ya tope.

Alikimbia, viatu vikimvuka njiani. Kamera aliiacha imesimama kwenye stendi.

Lenzi aliifuata kamera mwenyewe jioni hiyo, na hakuuliza maswali, kwa kuwa hali ya mkewe ilijieleza. Shangazi ndiye aliyewapeleka kwa mganga. Mganga huyo alikuwa mama mnene aliyekaa chumba cha juu ya duka la viatu, mwenye miwani na simu iliyolia kila mara, naye akiizima bila kuitazama. Aliweka konveta mezani juu ya kitambaa. Akamgeukia Lenzi kwanza.

"Wewe umemwona?"

"Hata siku moja, mama. Kwenye kamera sijamwona, na kwenye picha sijamwona. Mimi najua ni mke wangu tu na mambo yake."

"Na wewe?"

"Kila siku," Bi Rangi alijibu.

"Ulikuwa unamwona tu au unamtafuta?"

Bi Rangi aliinamisha kichwa. "Namtafuta."

Mganga alivua miwani. "Basi si wa mumeo huyo. Ni wako." Hakusema kwa ukali. "Hiki chuma hakina jini. Huyo mwanamke yuko ng'ambo siku zote na mambo yake, anapita watu hawamjali. Mumeo alimvuta karibu bila kujua, lakini hakumtazama. Wewe ukamtazama. Asubuhi, mchana, kwa moyo wote. Hata waliooana hawatazamani hivyo. Akajua amependwa, akaja."

"Mtoe," Lenzi alisema.

"Nitamtoa. Ila ni mwenye wivu kuliko huyu mkeo, na wenye wivu hawaondoki mikono mitupu."

Alifukiza kitu kichungu, akamfunika Bi Rangi shuka, akanuiza mpaka jasho likamlowesha. Chumba kilififia kwa muda, halafu mwanga wote ukarudi kwa pamoja, mkali, mpaka shangazi akaziba macho. Konveta ilikuwa imejaa maji ya tope ndani ya vioo vyake. Mganga aliifunga kwenye kitambaa, akasema ataizika yeye.

Nyumbani harufu ilikuwa imekwisha. Lenzi alimimina chai vikombe viwili, akakaa mbele ya mkewe. Bi Rangi aliinua macho amwombe radhi. Aliona kola ya shati, vifungo, yale masikio makubwa. Kati ya masikio hapakuwa na sura. Palikuwa na rangi ya ngozi iliyopakwa kwa kidole.

Alifikicha macho. Alimwangalia shangazi aliyewasindikiza, akaona hata vinyweleo vya kidevu chake. Alimrudia mumewe, na sura haikushika.

Asubuhi, akiwa dirishani, alimwona Lenzi mwisho wa mtaa anatoka dukani na mkate. Kutoka mbali kote huko aliiona sura yake, kope, kidonda kidogo cha wembe kidevuni. Moyo ulimruka kwa furaha. Lenzi akaja, na kila alipokaribia sura ikayeyuka, hata alipofika mlangoni ilikuwa imekwisha.

Alirudi kwa mganga peke yake.

"Amechukua alichokionea wivu," mganga alisema. "Na usimwambie mumeo. Ukimwambia atataka kumwona aliyefanya hivyo. Atamtafuta. Na akimtafuta, unajua kinachofuata."

Basi Bi Rangi hakusema. Alijifunza kuzungumza na mumewe huku akitazama kikombe, au ukuta. Ilikuwa afadhali kuliko kuutazama ule uwazi uliokuwa unamwita mke wangu. Yeye aliyekuwa hamwachi mumewe atoke machoni pake, sasa alimkwepa chumba kwa chumba.

"Zamani ulikuwa unanitazama mpaka nakereka," Lenzi alimwambia siku moja. "Siku hizi hunitazami kabisa."

"Nakutazama."

"Unatazama kikombe. Niambie tu ukweli, sitagomba. Kuna mtu?"

"Hakuna."

"Nimekuwa mjinga, napekua simu yako ukioga. Mimi. Sikujua wivu unauma hivi, na ningejua ningekuonea huruma zamani." Alikisogeza kikombe pembeni. "Nitazame basi, useme hakuna."

Bi Rangi alijaribu. Aliinua macho, akautazama ule uwazi, na mwili ukamsisimka mbele yake bila kupenda. Lenzi aliuona ule msisimko. Aliingia ndani akatoka na begi la nguo, akasema anakwenda kwa kaka yake, na kama mkewe akimhitaji amwite tu.

Alitembea polepole, mwendo wa mtu anayetaka kuitwa. Bi Rangi alisimama mlangoni. Alipofika mwisho wa mtaa, Lenzi aligeuka, na sura yake ikashika fokasi yote kwa pamoja, wazi kuliko ilivyowahi kuwa kitandani, macho mekundu, midomo inatetemeka, machozi yameshika kope moja moja. Alikuwa anamngoja.

Jina lake lilikuwa tayari mdomoni mwa Bi Rangi. Angeita mara moja tu, mwanamume yule angerudi mbio. Akafunga mdomo, apate kuendelea kumwona.