Ua la Gizani

Lilianza pazia. Dada mtu alirudi kutoka kazini, mgongo ukimuuma kwa kupiga pasi mashuka ya hoteli kutwa nzima, akalivuta pazia la chumbani apate mwanga, nalo likagoma. Akalivuta kwa nguvu. Likamponyoka na kurudi mahali pake, taratibu, wala hapakuwa na upepo. "Sawa, hata wewe umechoka," akaliambia, akajitupa kitandani na viatu vyake.

Mtu akichoka kiasi hicho, hata jini akimpigia hodi atamwambia aje kesho.

Chumba hicho aliishi na mdogo wake, aliyeitwa Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kwa mama yao. Mama alifariki akawaachia ua moja la chungu, lenye majani manene, na tangu mazishi halikuchanua tena. Kitinda alijiaminisha kwamba siku litakapochanua atajua mama amepumzika. Muuza maua alimfundisha kuwa ua la aina ile halitaki kudekezwa: lipewe chungu cha kulibana, linyimwe maji, lifunikwe boksi likae gizani muda mrefu, ndipo litachanua. Basi kila jioni Kitinda alitumbukiza kidole kwenye udongo, akapima ukavu, akanong'ona, "Bado," akalifunika. Dada alimwacha. Afadhali hivyo kuliko vile vilio.

Kisha nyumba ikaanza kubana. Kabati lilisogea kuelekea kitanda ikabidi wapite ubavu ubavu. Jagi la maji lililojazwa asubuhi lilikutwa kavu. Harufu ya udongo ilitoka kwenye nguo, kwenye mito, mwisho ikatoka kwenye pumzi ya Kitinda mwenyewe, ambaye midomo ilimpasuka na mashavu yakamwingia ndani.

"Mbona hunywi maji, wewe?"

"Nakunywa, dada. Hayanifiki."

"Hayakufiki vipi?"

Kitinda alitazama boksi, akashusha sauti. "Ukienda kazini kuna mtu anakuja. Ananitia kidole mdomoni, anapima. Halafu anasema, bado."

Dada alitaka kucheka, akataka kumkemea, lakini nyuma yake, ndani ya boksi lile ambalo hakuna aliyeligusa, alisikia udongo ukishindiliwa polepole kwa ncha ya kidole, ukishindiliwa na kuachwa, ukishindiliwa na kuachwa, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

Aliyeitwa ni mganga wa mtaa wa pili, mwanamke mnene aliyefika akizilaani ngazi. Alinusa mlangoni, akakataa kuketi.

"Jini huyu hana ubaya na nyinyi," alisema. "Mlimtengenezea giza, akaingia. Akawaona mnavyolea ua, akaipenda kazi. Sasa naye analea lake." Akamnyooshea Kitinda kidevu. "Funueni boksi. Mkikuta tumba, likateni leo hii hii. Likifunguka, na huyu atafunguka, na sijui atakayetoka humo ni nani."

Akaondoka bila kudai chochote, jambo lililomtisha dada kuliko maneno yenyewe.

Alifunua boksi. Tumba lilikuwepo, jekundu, limejaa, karibu kupasuka. Akashika mkasi. Kitinda akamng'ang'ania mkono akilia bila machozi, maana hakuwa na maji ya kutosha hata ya kulia.

"Dada, nakuomba. Ni mama huyo. Usimkate mama."

Dada naye alimkumbuka mama. Alikuwa amechoka kuwa mkubwa, amechoka kukataa. "Kesho asubuhi basi," alisema. "Kesho nitalikata." Akaweka mkasi chini, usingizi ukamchukua.

Alipoamka ua lilikuwa limechanua, zuri kupita kiasi. Kitinda alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, mashavu yamejaa, midomo imelainika. Dada aliiita midomo ile kwa jina la mdogo wake, haikuitika.

"Mwanangu," ilisema, kwa sauti ya mama, ileile. "Umechoka sana."

Dada alijua si mama. Alijua pia kwamba hana tena mdogo, na kwamba mlango uko hatua chache tu. Akalia kidogo. Kisha akalaza kichwa kwenye mapaja yale yaliyokuwa baridi kama udongo, akafumba macho, akasubiri abembelezwe.