Nguo ya Ishirini na Moja

Belo la makoti lilipokatwa kamba asubuhi ile pale Mwanjelwa, jijini Mbeya, watu walilivamia kama walioitiwa pilau. Juni ilikuwa imeingia na baridi yake, na koti zuri la mtumba huondoka kabla mwenye mali hajamaliza kutaja bei. Juliana alizamisha mkono kwenye rundo, akashika koti la bluu nzito. Akavuta. Koti halikuja. Mkono wa pili wa koti hilohilo ulikuwa umeshikwa na kijana mrefu mwenye futi ya kupimia shingoni.

"Kaka, achia. Nimeanza mimi."

"Kuvuta umeanza wewe, dada yangu. Kushika nimeanza mimi."

"Sasa tulipasue katikati?"

Kijana akacheka, akaachia. "Chukua. Ila mabega yatakusumbua. Likikushinda uliza Ipyana, fundi wa kupunguza. Cherehani yangu ipo pale kona ya wauza viatu."

"Halinishindi," alisema Juliana, akaondoka bila hata kuaga vizuri.

Kesho yake lilikuwa limemshinda. Alifika kwenye kona ya wauza viatu akiwa na sweta jeupe, suruali ya kaki na raba zilizong'arishwa, koti kalikunja mkononi, uso wa mtu anayetaka jambo liishe upesi. Ipyana alipima mabega taratibu kuliko ilivyohitajika. Juliana aliambiwa arudi Alhamisi. Akarudi Jumanne. Koti lilipokwisha akaleta sketi, sketi ilipokwisha akaleta kifungo kimoja, na wauza viatu wakaanza kukohoa kila akitokea.

"Nikuulize," Ipyana alimwambia siku ya kifungo. "Mbona kila nikikuona umevaa nguo zilezile, lakini hufanani na jana?"

"Ninazo ishirini tu."

"Ishirini za kazini?"

"Za maisha. Za msimu huu." Juliana alikuwa mkaguzi wa ubora wa mchele, na kazi haikumwacha akae. Jumatatu ofisini Mbeya kwenye baridi, Jumatano Rujewa kwenye mashine za kukoboa mpunga, jua na vumbi la pumba, Ijumaa Iringa, kwao Mlandege, kwenye upepo. "Begi ni moja. Kwa hiyo rangi ni tatu: bluu, kaki na nyeupe. Kila ya juu inakubaliana na kila ya chini. Msimu ukibadilika napanga upya. Na ikiingia moja, inatoka moja."

"Na ukipewa zawadi?"

"Inatoka moja. Au inatoka hiyohiyo."

Ipyana alicheka sana. Angesikiliza badala ya kucheka, yasingemkuta yaliyomkuta.

Wakapendana, na mapenzi yao yakawa ya simu, maana bibie hakutulia mahali.

"Uko wapi, mama ishirini?"

"Rujewa. Nimejaa pumba mpaka kwenye nyusi."

"Umevaa blauzi ya ngapi?"

"Ya nne. Ile uliyoibana kiunoni, fundi mchokozi."

"Rudi basi nikuone."

"Kesho. Hapana, kesho naunganisha Iringa. Jumatatu, mpenzi. Jumatatu kabisa."

Jumatatu akija, anakunywa nusu kikombe cha chai, jicho kwenye saa, begi kwenye magoti. Siku moja Ipyana alilichukua lile begi akaliweka chini, akamuuliza anakimbia nini. Ndipo Juliana akamweleza habari za mama yake. Mama alikuwa na sanduku la vitenge, kumi na viwili, vizuri, vyote vya kuvaliwa siku moja. Siku gani, hakusema. Alipofariki, sanduku lilifunguliwa na vitenge vyote vilikuwa na mikunjo ya dukani. Mashangazi wakagawana. "Tangu hapo siweki kitu," alisema. "Navaa au nagawa." Macho yake yalikuwa yamejaa. Ipyana alimshika mkono, na chai siku hiyo ilinywewa mpaka mwisho.

Julai, dada yake Ipyana, Anjela, alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na Juliana alialikwa mapema. Wiki tatu kabla, Ipyana alimsindikiza stendi ya Nane Nane, akamsukumia mfuko dirishani basi likiwa linaanza kutembea.

"Nini hiki?"

"Kashone. Cha nyumbani hicho, mama kakituma kutoka Tukuyu."

Akasema hayo tu. Kwao, kitenge cha sare ya ukoo hakitolewi kwa mtu wa kupita. Msichana akipewa, amehesabiwa kuwa wa ukoo, na mama wa kijana ndiye aliyehesabu. Ipyana aliona aibu kulitamka, akaona kitenge kitasema chenyewe. Wanaume wana imani kubwa na vitambaa.

Juliana alikifungua Mlandege, juu ya kitanda. Yadi sita za manjano na zambarau, na ndege wakubwa kama kuku wa Krismasi. Alikiweka kwenye koti la bluu, kikagombana. Kwenye kaki, kikagombana zaidi. Alikiingiza begini, akakitoa. Akakiingiza tena. Kilitoka kwa mpenzi wake, moyo ulimwambia akitunze, na neno hilo kutunza ndilo lililomtisha. Aliliona sanduku la mama yake. Kabla hajabadili mawazo alikichukua mpaka sebuleni, akampa shangazi yake Faustina, aliyemlea, mwanamke wa mwili mkubwa, mpenda rangi. Shangazi alipiga kigelegele.

Sendofu ilianza alasiri ya Jumamosi. Juliana aliingia ukumbini na sketi nyeupe na koti lake la bluu, nywele kazibana vizuri, amependeza. Kisha akainua macho. Mama, mashangazi, mabinamu, watoto wa kike mpaka wa miaka miwili: manjano, zambarau, ndege. Katikati yao kiti kimoja kilikuwa kitupu. Kilikuwa chake.

Mama yake Ipyana alimfuata, akamshika mkono kwa upole. "Mwanangu, fundi alikuchelewesha?"

Ungekuwa wewe ungesema ndiyo, na mambo yangeisha. Lakini Juliana hajui kusema uongo.

"Hapana, mama. Nilimpa shangazi yangu."

Mama aliuachia mkono wake. "Ndaga," akasema kwa Kinyakyusa chake, asante, kama mtu aliyerudishiwa chombo. Akampeleka meza ya wageni. Kile kiti kikaondolewa.

Ipyana alimkuta nje ya geti.

"Umeuambia ukoo mzima hututaki."

"Ungeniambia ni sare!"

"Nani anapewa kitenge na mama mkwe akauliza ni cha nini?"

"Mimi! Ulisema cha nyumbani. Hata ndizi ni za nyumbani, Ipyana!"

"Mama alikwenda mwenyewe dukani kukukatia. Akakuwekea na kiti. Niambie basi. Mimi ni wa ngapi kwenye ishirini zako? Au nimeshatoka?"

Juliana alinyanyua begi lake, kama alivyozoea, akaondoka.

Baada ya hapo simu ya Ipyana iliita bila kupokelewa. Juliana alimpigia kutoka Rujewa, kutoka Makambako, kutoka kitandani Mlandege. Aliandika ujumbe akaufuta. Mashineni alipima gunia moja mara mbili, akasahau namba zote mbili. Asubuhi alisimama mbele ya nguo zake ishirini, zote zinakubaliana, na hakuna hata moja aliyotaka kuivaa. Alimtamani yule mtu mpaka kifua kikauma.

Jumapili ya pili alikuwa kizingitini shangazi akirudi kutoka misa, ndani ya gauni la manjano na zambarau, mikono ya puto, limemwagika mpaka chini.

"Kamwene, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

"Shangazi, naomba hilo gauni."

"Nivue mlangoni?"

Juliana akalia, akasema yote. Shangazi aliketi kwenye ngazi, akasikiliza mpaka mwisho, akawaangalia wale ndege mapajani.

"Kumbe nimevaa uchumba wa mtu mara tatu, na mara moja nimekwenda nao sokoni. Sikiliza, Juliana. Mama yako aliweka, asivae. Wewe unagawa, usivae. Mnatofautiana nini? Wote vitenge vimewapita."

Shangazi aliingia ndani, akarudi kajifunga kanga, gauni mkononi. "Chukua. Na usilikunje begini. Livae."

Akalivaa. Jumatatu ile, mchana kweupe, Mwanjelwa ilishuhudia mkaguzi wa mchele akipita katikati ya soko ndani ya gauni ambalo lingetosha Juliana wawili na kapu. Mabega yaliangukia kwenye viwiko. Pindo alilishika kwa mikono miwili ili asijikwae. Wauza mitumba walipiga miluzi, mama mmoja wa nyanya akamuuliza kama amebeba mapacha. Hakukimbia. Alitembea mpaka kona ya wauza viatu, akasimama mbele ya cherehani.

"Fundi, nipunguzie."

Ipyana aliinua kichwa. Mguu wake ulisimama kwenye pedali. Alimtazama kuanzia ndege wa kwanza mpaka wa mwisho, na mdomo ukaanza kumtetemeka, haijulikani kwa kicheko au kwa kilio.

"Mabega yanakusumbua."

"Sana."

"Nimekukosea," alisema Ipyana. "Ningesema kwa mdomo wangu."

"Na mimi ningeuliza. Nisamehe. Na mama nitamfuata Tukuyu, nikiwa nimelivaa."

Ipyana alitoa futi shingoni, akapima bega hadi bega, safari hii hata hakujisumbua kuficha kwamba anajichelewesha. "Ikiingia moja, inatoka moja," alisema chini kwa chini. "Inatoka ipi?"

"Hakuna. Hii ni ya ishirini na moja."

"Haikubaliani na nguo yako hata moja."

"Najua. Ni mbaya kabisa. Punguza."

Wauza viatu walikuwa wameacha kuuza viatu. Ipyana alichora kwa chaki ubavuni, akarudi nyuma, akahesabu upana uliobaki nje ya mstari.

"Shangazi yako ni mtu wa baraka," akasema. "Kitakachobaki hapa kinatosha shati la mwanamume."

"La nani?"

"La huyo atakayekuja Mlandege na mama yake kujitambulisha. Jumamosi hii utakuwepo, au utakuwa safarini?"

Juliana aliiangalia saa yake kwa mazoea, kisha akaivua, akaiweka juu ya cherehani.

"Nitakuwepo," alisema, na akavuta kigoda, akaketi kusubiri gauni lake.