Mazungumzo ya Mikono

Walburga alilima mahindi na maharage katika kijiji kimoja nje ya Songea, upande wa Namtumbo. Asubuhi alikwenda shamba. Jioni alikaa na mumewe, Beda, wakipukuchua mahindi. Mtoto wao mmoja tu, Oliva, aliishi mbali, Tunduru. Alikuwa fundi cherehani. Mumewe, Mathias, alikuwa seremala. Wote wawili walikuwa viziwi.

Oliva aliugua sana akiwa mdogo, akapoteza usikivu. Tangu hapo mama na mtoto walizungumza kwa mikono. Oliva alipoolewa, mazungumzo yakakatika. Walburga alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu. Sauti ingemfaa nini mtu asiyesikia? Kuandika ujumbe nako hakuweza, kwa sababu hakujua kusoma wala kuandika.

Mwaka jana Beda aliugua ghafla, akafariki. Nyumba ilijaa watu. Wengine walichimba kaburi, wengine walipika. Kila mtu alidhani mwenzake amemwandikia Oliva. Ujumbe ulikwenda siku ya tatu, baba akiwa ameshazikwa.

Oliva alipofika hakulia. Alisimama mbele ya mama yake, akauliza kwa mikono, "Mbona hukuniambia?"

Walburga aliinua mikono ili ajibu. Akaishusha.

Baada ya mavuno, mnara mpya wa mawasiliano ulisimamishwa kilimani. Siku moja jirani, Pamela, alipita akitoka kazini, akamkuta Walburga akipukuchua mahindi. Pamela alikuwa fundi wa kufunga vifaa vya intaneti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huo mnara wenu una faida gani? Simu si zilikuwa zinashika tangu zamani?"

"Zilishika kwa sauti tu, mama. Sauti inapita hata kwenye njia nyembamba. Picha inayotembea inataka njia pana. Mnara huu unaleta intaneti yenye kasi. Inapita hewani, haina waya. Sasa watu wanaongea huku wanaonana."

Walburga aliacha kupukuchua. "Wanaonana? Hata mikono?"

"Hata mikono."

Walburga akatazama kilimani. Kisha akasema, "Mnara wenu umechelewa, Pamela."

Pamela alielewa. Aliweka begi lake chini, akaketi.

"Kwa baba, umechelewa," alisema. "Lakini Oliva yupo."

Alimweleza kwamba simu ya vitufe haitafaa. Inatakiwa simu janja inayopokea intaneti ya kasi. "Dukani uliza kwanza kama inashika foo-ji, ndiyo hiyo intaneti ya kasi. Isiposhika, usiichukue. Halafu utaweka bando la intaneti. Video inakula bando haraka, kwa hiyo mkimaliza kuongea, zima intaneti."

"Na mimi nisiyejua kusoma?"

"Usitafute jina. Nitakuwekea picha ya Oliva, uibonyeze."

"Atajuaje kwamba nampigia, naye hasikii?"

"Simu yake, nayo ni janja, itatetemeka."

Walburga aliuza maharage, akanunua simu. Siku ya kwanza Pamela alikuja kumsaidia, lakini mambo yalikwenda vibaya. Alishika simu kwa mkono mmoja, akaongea kwa mkono uliobaki. Oliva hakuelewa kitu. Picha nayo iligandaganda, uso wa mama ukawa mweusi.

"Umekaa ndani sana, na mwanga uko mgongoni," Pamela alisema. "Sogea dirishani. Geuza uso kwenye mwanga. Simu isimamishe mezani, iegemee kikombe, mikono yote miwili iwe huru."

Wakapiga tena. Oliva akaonekana vizuri. Walburga aliinua mikono. Safari hii hakuishusha.

"Nisamehe," alisema.

Oliva alimtazama kwa muda mrefu. Machozi yakamtoka. "Nimekukumbuka, mama," alijibu.

Tangu siku hiyo walizungumza kila Jumapili baada ya misa. Oliva alikuwa na mimba. Alimwonyesha mama yake nguo za mtoto alizoshona. Jumapili moja, mimba ikiwa ya miezi minane, Walburga alishtuka mara tu picha ilipotokea. Uso wa mwanawe ulikuwa umevimba. Vidole vimejaa.

"Kichwa kinauma?" aliuliza.

"Sana. Tangu jana. Naona ukungu. Ni uchovu tu, nitalala."

Walburga alikumbuka alivyofundishwa na nesi kliniki: mjamzito akivimba uso, akiumwa kichwa sana na kuona ukungu, asisubiri. Ni dalili za kifafa cha mimba.

"Usilale! Mwite Mathias. Nendeni hospitali sasa hivi!"

Oliva alisita. Walburga akapiga meza, simu ikaanguka. Akaisimamisha tena. "Sasa hivi! Ninakuona!"

Wakaenda. Presha ilikuwa juu sana. Madaktari walimtibu, kisha wakamzalisha. Nesi alimwandikia Mathias kwenye karatasi, "Mngechelewa, tungewapoteza wote wawili."

Siku ya tatu simu ya Walburga iliita. Oliva alikuwa kitandani, amechoka, uvimbe wa uso umeanza kupungua. Karibu yake alilala mtoto wa kike. Oliva aliongea maneno machache kwa mikono, halafu macho yakajifumba. Usingizi ukamchukua kabla hajakata simu.

Walburga naye hakukata. Alisogeza kiti karibu na meza, akawatazama wote wawili wakipumua, mpaka bando likaisha.